Dawa Isiyoandikwa Katika Jalada

Jalada la mgonjwa huandikwa mambo mengi: umri, uzito, joto la mwili, shinikizo la damu, dalili zilizomleta, vipimo vilivyofanywa na dawa alizopewa. Kuna jambo moja ambalo aghalabu haliandikwi, nalo ni kile ambacho mgonjwa alikwisha kukitumia nyumbani kabla ya kufunga safari, na ambacho huenda ataendelea kukitumia baada ya kurudi. Mizizi iliyochemshwa, maji ya majani ya mwarobaini, unga wa mlonge, kitunguu saumu kilichosagwa pamoja na limao na tangawizi, chupa isiyo na jina iliyonunuliwa stendi ya mabasi: vyote hivi huingia katika chumba cha daktari ndani ya mwili wa mgonjwa, lakini haviingii katika maandishi. Matokeo yake ni kwamba tabibu humtibu mtu ambaye sehemu ya matibabu yake haijulikani.

Kunyamaza huku hakutokani na usahaulifu. Mgonjwa amefundishwa kunyamaza. Katika kliniki nyingi swali huulizwa hivi: “Umekunywa dawa za kienyeji wewe?” Hilo si swali, ni shtaka, na mshtakiwa mwenye akili zake hulikana. Mama mjamzito aliyewahi kumwona mwenzake akikaripiwa mbele ya foleni nzima kwa sababu ya mizizi aliyopewa na mama mkwe hahitaji kuonywa mara ya pili. Atajibu “hapana”, muuguzi ataandika “hakuna”, na wote wawili wataondoka wameridhika. Siku ya kujifungua mama huyo huenda akafika wodini akiwa ameshakunywa dawa ya kuongeza uchungu. Mkunga asiyejua hilo akimwekea dripu ya oksitosini, mji wa mimba utasukumwa na nguvu mbili kwa wakati mmoja, na mji wa mimba unaosukumwa kupita kiasi unaweza kupasuka. Hapo uhai wa mama na wa mtoto hutegemea dakika chache na uwezo wa chumba cha upasuaji kilicho karibu. Neno moja la kweli, lililotamkwa miezi mitatu kabla, lingebadili kila kitu.

Ajabu ni kwamba mhudumu anayekaripia, akishikwa na mafua, hunywa tangawizi na asali kama watu wengine. Nyumbani kwake kuna mti wa mwarobaini, na mama yake mzazi ana mizizi yake ya tumbo ndani ya kopo. Watu wote wawili waliomo katika chumba kile wanajua kwamba tiba za nyumbani zipo, nao hukubaliana kimyakimya kujifanya kwamba hazipo.

Kwenye karatasi jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wale wanaohitajika katika huduma ya msingi ya afya. Miaka minne kabla yake, Muhimbili ilikuwa imeanzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho baadaye kilikua kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala na kuunda baraza la kusimamia shughuli hizo. Taasisi zipo, sheria ipo, baraza lipo. Kinachokosekana ni mazungumzo ya dakika mbili kati ya watu wawili, mmoja akiwa amevaa koti jeupe na mwingine akiwa ameshika kadi ya kliniki.

Mazungumzo hayo hayawezi kuanza vizuri iwapo kila upande unashikilia imani yake isiyochunguzwa. Upande mmoja husema kwamba kitu cha asili hakina madhara. Upande wa pili husema kwamba kitu cha asili ni ujinga wa watu wasiosoma. Kauli zote mbili ni za uvivu, kwa sababu zote humwondolea msemaji kazi ya kuuliza ni kitu gani hasa, kwa kiasi gani, kwa muda gani, kwa nani, na pamoja na nini.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautoki katika chupa ya mganga, bali katika sufuria ya chakula. Muhogo mchungu ni chakula cha asili kwa kila maana ya neno hilo; hauna dawa ya kiwandani wala rangi ya kopo. Hata hivyo una kemikali ambazo mmea hujikinga nazo dhidi ya wadudu na wanyama, na kemikali hizo huzalisha sianidi, ambayo ni sumu. Wazee walilijua hilo bila maabara. Waliumenya, wakauloweka kwa siku tatu au nne hadi ulainike, wakauvundika, wakauanika, ndipo wakautwanga. Kila hatua ilikuwa na muda wake, na muda huo ndio uliokuwa dawa. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa ukionekana katika eneo la Kwango nchini Kongo: mtu mzima wa afya njema, mara nyingi mwanamke au mtoto, hudhoofika miguu kwa ghafla, ikakakamaa, na asirudie tena mwendo wake wa kawaida maisha yake yote. Wenyeji waliuita konzo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa huohuo uliwapata watu wa Tarime, mkoani Mara, na baadaye ukaonekana tena kusini, katika mkoa wa Mtwara.

Utafiti uliofanyika katika nchi hizi mbili umeonyesha sababu zinazofanana. Njaa ilipobana, au soko lilipodai unga wa haraka, siku za kuloweka na kuvundika zilipunguzwa. Chakula kilikuwa kilekile, mmea uleule, mikono ileile. Kilichopungua ni siku mbili au tatu. Jambo la pili lilikuwa kwamba watu walikula muhogo mtupu, bila maharage, dagaa, nyama wala maziwa. Mwili huhitaji salfa inayopatikana katika protini ili kuigeuza sianidi iwe kitu kisicho na madhara makubwa, kwa hiyo aliyekosa kitoweo alikosa pia kinga. Mganga wa hospitali anayekutana na familia ya namna hiyo hana kidonge cha kuwapa. Anachoweza kuwapa ni maarifa yaleyale ya bibi zao, pamoja na maelezo ya kwa nini bibi hakukubali kuharakishwa.

Hapo ndipo panapoonekana tofauti kati ya urithi na biashara ya urithi. Maarifa ya muhogo yalikuwa maarifa ya vipimo. Chupa inayouzwa leo kwa kipaza sauti sokoni, kwamba inatibu kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, presha na ugumba kwa pamoja, haina kipimo cho chote. Haitaji mmea uliomo, haitaji umri wa mnywaji, wala haisemi ikiisha ni nini kifuate. Maabara za udhibiti katika nchi nyingi zimewahi kukuta, ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu, dawa za kiwandani zilizochanganywa kwa siri, zikiwamo steroidi. Mgonjwa wa viungo anayepona maumivu kwa siku mbili kwa “mizizi” ya aina hiyo huwa amekunywa dawa ya hospitali bila daktari, bila dozi na bila kujua.

Hata mmea halisi, usiochakachuliwa, hudai heshima. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, kliniki za kupunguza unene huko Brussels, nchini Ubelgiji, ziliwapa wateja wake mchanganyiko uliokuwa na mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jenasi ya Aristolochia, na wanawake zaidi ya 100 wakaharibikiwa figo. Wengine walihitaji kupandikizwa figo mpya, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo haikuwa ramli ya kijijini, bali kliniki zenye madaktari katika mji mkuu wa nchi tajiri. Kwa upande mwingine, mafuta ya mwarobaini, mti unaoheshimiwa Afrika Mashariki kwa kudhaniwa kuwa hutibu maradhi arobaini, yamewahi kuwaletea watoto wachanga huko Asia degedege na kupoteza fahamu baada ya kunyweshwa. Watu wazima waliotumia majani ya mti huohuo kwa kunawia ngozi hawakupata mkasa huo. Mti ni ule ule. Mnyweshwaji na sehemu ya mti vilitofautiana.

Na tiba ya nyumbani ikipimwa kwa uaminifu, huweza kupanda hadhi hadi ikaingia kabatini mwa hospitali. William Withering, tabibu Mwingereza, alisikia habari za mchanganyiko wa mitishamba uliotunzwa na mwanamke mzee wa Shropshire, uliokuwa ukiwasaidia watu waliovimba miili. Mchanganyiko ule ulikuwa na majani ya aina nyingi. Withering hakuudharau wala hakuunywa kwa imani. Alitafuta ni jani lipi linalofanya kazi, akalijaribu kwa vipimo tofauti kwa muda wa miaka kumi hivi, na mwaka 1785 akachapisha visa vyake vyote, pamoja na vile ambavyo tiba ilishindwa. Ndiyo asili ya digoksini, dawa ya moyo ambayo hadi leo hutolewa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu dozi inayoponya na ile inayoua hukaribiana mno. Metformin nayo, kidonge anachokinywa mgonjwa wa kisukari kila siku, ilitokana na uchunguzi wa kemikali za mmea uitwao galega. Mtu anayeacha metformin ili akanywe majani hajui kwamba alichokiacha kina babu yake porini.

Zipo tiba za nyumbani ambazo hazihitaji kusubiri utafiti mwingine, nazo zinastahili kufundishwa katika kila kliniki ya watoto. Ya kwanza imo jikoni kwa kila mtu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, kipindupindu kilipozuka na maji ya dripu yakaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa glukosi na chumvi. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Paketi za ORS zinazogawiwa leo katika zahanati ni wajukuu wa mapipa yale. Pasipo na paketi, mzazi anaweza kuchukua lita moja ya maji safi na salama, akatia vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai ya chumvi, kisha akamnywesha mtoto kidogokidogo kila baada ya choo. Vipimo hivyo visikisiwe kwa kiganja. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Akionekana mlegevu, macho yamezama, hawezi kunywa, au choo kina damu, safari ya hospitali isingoje asubuhi.

Asali nayo ina nafasi yake. Hutuliza koo na kikohozi, na haina gharama ya dawa nyingi za maji zinazouzwa bila cheti, ambazo faida yake kwa watoto ni ndogo. Lakini isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kidole, kwa kuwa huweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo katika utumbo wa mtoto mchanga hutoa sumu ya kulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Vivyo hivyo maji ya mchango yanayopewa watoto wa wiki mbili: mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama, na dawa yo yote aliyoandikiwa na mtaalamu. Kujifukiza kwa nyungu kuna ladha yake kwa mtu mzima mwenye pua iliyoziba, ila sufuria ya maji yanayochemka haipaswi kukaa chini ya blanketi moja na mtoto. Kuhusu degedege, moshi wa kinyesi cha tembo haujamdhuru mtoto kama vile saa zilizopotea kuutafuta, kwa maana malaria kali iliyopanda kichwani haina subira.

Sehemu iliyo na nguvu kuliko zote katika tiba ya nyumbani, hata hivyo, ndiyo ambayo haiitwi tiba. Ni chakula cha kila siku. Inasikitisha kwamba neno “asili” limehamia kwenye chupa ilhali vyakula vyenyewe vya asili vinaondoka mezani. Familia inayokamua akiba yake kununua unga wa mlonge wa kopo hukosa mayai, dagaa na kunde wiki nzima, na huku mlonge wenyewe umeota nyuma ya nyumba ya jirani, majani yake mabichi yakifaa kupikwa kama mboga nyingine yo yote.

Wataalamu wa afya nao wana lawama yao. “Kula mlo kamili” ni ushauri unaotolewa kila siku na ambao haumwambii mtu kitu. Mwenye upungufu wa damu anayeondoka na maneno hayo huenda nyumbani akala mchicha wake vizuri kabisa, kisha akashushia kwa kikombe cha chai ya rangi, na chai hiyo ikazuia sehemu kubwa ya madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage yasifyonzwe. Angeambiwa tu kwamba chai ingoje saa moja au mbili, na kwamba mahali pake pachukuliwe na chungwa, embe, pera au kachumbari iliyokamuliwa limao, angenufaika zaidi kwa chakula kilekile na bila kuongeza senti. Mjamzito anayetafuna udongo wa pemba asichekwe. Mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuzuia ufyonzwaji wa chuma na kuleta minyoo. Ulizo la upole kuhusu udongo ni kipimo cha damu cha bei rahisi kuliko vyote.

Jambo la dona linastahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu limegeuka kuwa imani. Ni kweli kwamba sembe iliyokobolewa hupoteza pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, mafuta mema na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Dona huvibakiza. Ndiyo sababu hushibisha zaidi na hupandisha sukari ya damu kwa kasi ndogo kidogo. Lakini dona ni wanga. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa “kula dona” bila kuambiwa kiasi hujengewa mlima wa ugali na mkewe kwa nia njema, na sukari yake ikipimwa wiki inayofuata huwa imepaa, naye huapa kwamba hakuonja hata kipande cha sembe. Ugali wa mtama, uji wa ulezi na ugali wa muhogo viko katika hesabu hiyohiyo. Kinachofaa kumwonyesha ni sahani: nusu yake mboga za majani na nyinginezo zisizo na wanga, robo maharage, samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, uwe wa rangi yo yote. Ushauri huu huweza kutolewa kwa kuchora duara nyuma ya kadi.

Aidha, dona ni jema kwa kadiri ya mahindi yaliyosagwa. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevunyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nako kulitokea vifo. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo pamoja na pumba, kwa hiyo anayesaga dona kwa mahindi yaliyooza hujidhuru zaidi kuliko mlaji wa sembe anayemdharau. Mahindi yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo, yakauke sawasawa, yachambuliwe, na yale yaliyobadilika rangi yatupwe. Wasipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hiyo hurudi mezani kupitia maziwa.

Mwenye shinikizo la damu huambiwa apunguze chumvi, na wengi hutii: huondoa kopo la chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Ambacho mgonjwa haambiwi ni kwamba magadi yanayolainisha maharage, makande na mlenda yamejaa sodiamu ileile inayokimbiwa katika chumvi, na kwamba vipande vya viungo vya supu vinavyouzwa dukani ni chumvi kwa sehemu kubwa. Magadi ya baadhi ya maeneo ya kaskazini huwa pia na floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yakabadilishwa huiva mapema bila magadi. Tangawizi, bizari, iliki, limao na vitunguu hurudisha ladha iliyopotea, na hapo ndipo vinapofanya kazi yake iliyo bora kuliko kufungiwa ndani ya chupa ya “kutibu presha”.

Linalobaki ni namna ya kuuliza. Badala ya “umekunywa dawa za kienyeji?”, muuguzi aseme: “Mama, watu wengi huwa na kitu cha nyumbani kinachowasaidia. Wewe unatumia nini, mbali na dawa tulizokupa?” Anayeulizwa hivyo huwa ameshaambiwa kwamba si yeye peke yake na kwamba hatakaripiwa. Mzee aulizwe kwa heshima ya mzee, tena baada ya shikamoo, na ikiwezekana pasiwe na mwanafunzi anayecheka pembeni. Jibu liandikwe kwa jina ambalo mgonjwa mwenyewe hulitumia, hata kama ni la lugha ya kijijini kwao, pamoja na sehemu ya mmea, namna ya kuandaa, kiasi, na siku alizotumia. Kisha yafuate yale ambayo tabibu ana hakika nayo. Anayetumia warfarin aelezwe kwamba kitunguu saumu kingi au dondoo zake huweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Anayetumia nifedipini kwa ajili ya presha aelezwe kwamba juisi ya balungi hupandisha kiwango cha dawa hiyo mwilini. Anayetumia dolutegravir aelezwe kwamba vidonge vya chuma au kalsiamu vinavyouzwa kama “virutubisho” hupunguza ufyonzwaji wa dawa vikimezwa pamoja naye akiwa na njaa. Mambo mengine, ambayo tabibu hana jibu lake, aseme hivyo waziwazi; mgonjwa humwamini zaidi mtu anayejua mipaka yake.

Kukubali kusikia si kukubali kila kitu. Upo mstari ambao mhudumu hapaswi kuuvuka kwa adabu wala kwa kutaka kupendwa: insulini haiachwi kwa sababu ya majani, ARV haziachwi, dawa za kifua kikuu hazikatizwi katikati, na uvimbe unaokua matitini haungojei mwezi wa tatu wa mchanganyiko. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ili kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa zao. Wengi wa waliokwenda walikuwa wagonjwa wa hospitali, wenye kadi na majalada. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha wakati ule si nini kilichokuwamo ndani ya kikombe, bali ni kwa nini wagonjwa hao hawakumwambia daktari wao kwamba wanasafiri, na ni daktari gani angewasikiliza hadi mwisho.

Kwa mgonjwa, kazi ni ndogo zaidi. Chupa, pakiti, mizizi au unga anaoutumia utiwe mfukoni na kufikishwa kliniki pamoja na vidonge vya hospitali, hata kama lebo imebanduka na hata kama umebaki mwishoni mwa chupa. Akianza kuona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umepungua au umekuwa wa rangi ya kahawia, tumbo linauma upande wa kulia, au moyo unadunda isivyo kawaida baada ya kuanza kitu kipya, akiache na afike mapema, na akitaje hicho kwanza kabla ya kutaja dalili nyingine. Mhudumu atakayempokea ajaze fomu ya taarifa za madhara ya dawa, aipeleke kwa mfamasia, na kile kilichosalia ndani ya chupa kitunzwe wala kisimwagwe kwenye sinki.